Mwenye Motokaa Kuukuu

Kumiliki ni neno jepesi ulimini, lakini katika mizani ni zito. Mtu husema "shamba langu," "nyumba yangu," "motokaa yangu," akadhani kwamba habari imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Stakabadhi huonyesha nani alilipa. Kadi ya motokaa huonyesha nani ameandikishwa. Wala haijapigwa chapa karatasi ya kuonyesha nani anajua. Na katika motokaa kuukuu shida yote imo katika kujua: mwenyewe anajua nini juu yake, wengine hawajui nini, na kwa sababu ya tofauti hiyo anawiwa nini na watu.

Motokaa mpya haimlazimishi mwenyewe kujua mengi. Ajue kuiwasha, kuiongoza na kuizima. Mengine yanajulikana na walioiunda, na kwa miaka michache ya kwanza imani yake juu yao haimponzi. Lakini motokaa ndogo ya bei nafuu, iliyokwisha pita mikononi mwa watu wawili watatu, ambayo mita yake pengine imerudishwa nyuma na mkono wa dalali, humtaka mwenyewe awe mwanafunzi wake asubuhi na jioni. Mwanafunzi mtoro huumia, na ubaya ni kwamba haumii peke yake.

Mfano ulio karibu na macho ya watu wa Afrika Mashariki ni Toyota Starlet. Asili yake ni Publica, motokaa iliyotolewa mwaka 1961 kwa ajili ya Wajapani ambao hawakuwa wamezoea kumiliki motokaa. Jina lenyewe lilifinyangwa kutoka maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya motokaa ya umma. Ilikuwa na injini ya silinda mbili, iliyopozwa kwa upepo, isiyofika sentimita za ujazo 700. Mwaka 1973 likatokea jina la Starlet, kwanza likiandamana na lile la Publica, halafu likasimama peke yake. Kutoka mwaka 1984 nguvu ya injini ilipelekwa magurudumu ya mbele. Mwaka 1996 kikatoka kizazi cha mwisho cha ukoo huo, chenye injini ambayo aghalabu ni ya sentimita za ujazo 1,331. Na mwaka 1999 Starlet ikampisha Vitz. Kwa hiyo Starlet iliyo changa kuliko zote za ukoo huo imekwisha pita robo karne. Watoto waliozaliwa siku ilipotoka kiwandani leo wana watoto wao.

Motokaa hizi hazikuja Mombasa na Dar es Salaam kwa bahati tu. Sheria ya Japani hutaka motokaa ya mtu binafsi ikaguliwe ikitimiza miaka mitatu, kisha kila miaka miwili. Na gharama za ukaguzi huo, pamoja na kodi na bima zinazoandamana nao, huwafanya wengi waone afadhali kuachana na motokaa kuliko kuendelea kuilipia. Japani huendesha upande wa kushoto wa barabara, kama Kenya, Uganda na Tanzania, basi usukani ulioko kulia hauna haja ya kuhamishwa. Kitu alichokiona mwenyewe wa kwanza kuwa mzigo kilipakiwa melini, kikavuka bahari, kikapokewa kama neema. Hapana aibu katika hilo. Motokaa hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake katika miaka yake ya mwanzo, na hasara hiyo ilikwisha bebwa na mtu wa Nagoya au Osaka. Mtu wa Tanga au Nakuru hununua mwendo uliobaki.

Wako wamchekao mtu wa namna hii. Hucheka rangi iliyopauka, bampa iliyofungwa kwa waya, na mlango usiofungika mpaka uinuliwe kidogo kwanza. (Hapana mwenye Starlet asiyejua namna ya kuufunga mlango wake, wala asiyependa kumfundisha mgeni.) Wacheshi hao husahau hesabu. Starlet iliyotunzwa huenda zaidi ya kilomita 12 kwa lita moja ya petroli. Injini yake hufikiwa na mkono wa fundi bila ya kung'olewa nusu ya mbele. Dirisha lake aghalabu huteremshwa kwa mkono wala halingoji umeme. Chuma, kioo na mpira vilivyoiunda vilikwisha chimbwa, kuyeyushwa na kusubuliwa zamani, na kila mwaka inaoendelea kufanya kazi ni mwaka ambao nyingine haikulazimika kuundwa badala yake. Huo ni uwekevu wa kweli. Lakini sifa hii ina mlango wa nyuma, kwa sababu uwekevu na ubahili hufanana sura kama mapacha, na mahali pa kuwatambua ni mbele ya fundi anapotaja bei ya kipuri.

Elimu aipatayo mwenye motokaa kuukuu haifundishwi shuleni. Husikia mlio wa mkanda uliolegea asubuhi yenye umande, akajua kwamba utanyamaza injini ikipata moto. Huhisi usukani ukitetemeka motokaa ifikapo kilomita 80 kwa saa, akajua kuna gurudumu lisilosawazishwa. Hutazama nyuma katika kioo: moshi wa buluu humwambia kwamba injini inakula oili, mweusi kwamba inamwagiwa petroli kuliko haja, na mweupe usiokoma kwamba maji yameingia katika silinda na gasketi imekwisha. Mgeni akiketi kiti kile kile hasikii lolote ila kelele. Katika elimu hii kuna furaha ambayo mwenye motokaa mpya hanayo, furaha ya kukijua kitu kwa ndani kama mvuvi aujuavyo mtumbwi wake. Tena kuna hatari, maana ajuaye peke yake huweza pia kunyamaza peke yake.

Mara nyingi swali la motokaa kuukuu huulizwa vibaya. Huulizwa ina miaka mingapi. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, alisimulia juu ya chombo cha Theseus kilichohifadhiwa na watu wa Athens: ubao ulipooza ulitolewa na mwingine mzima ukatiwa mahali pake, hata wanafalsafa wakagawanyika, hawa wakisema chombo ni kile kile, hawa wakisema sicho. Wenye motokaa kuukuu huliendesha swali hilo kila siku wala hawalioni kuwa la ajabu. Injini ililetwa kutoka Japani baada ya ile ya kwanza kufa. Mlango wa kushoto ulitoka katika motokaa nyingine iliyopinduka, ndiyo sababu rangi yake haipatani na ubavu. Kioo cha mbele ni cha tatu. Lakini mpira wa breki wa gurudumu la nyuma ni ule ule uliofungwa kiwandani.

Motokaa, basi, haina umri mmoja. Ina umri mwingi kwa wakati mmoja, na ule ulioandikwa katika kadi haujaua mtu. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa motokaa iliyopita miaka 8 tangu mwaka ilipoandikishwa mara ya kwanza. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilizuia zenye miaka 15 na zaidi. Tanzania haikatazi, bali hutoza ushuru wa ziada kwa kadiri ya uzee. Sheria hizo zina busara yake, maana afisa wa bandarini hawezi kuifungua kila motokaa mifupa. Hata hivyo, huhesabu umri mmoja tu, tena siku ya kushuka melini. Baada ya hapo hesabu inabaki kwa mwenyewe. Ubavuni mwa tairi, kwa mfano, zimo tarakimu 4 zinazotaja wiki na mwaka lilipoundwa: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi lenye maua mazuri huweza kuwa limekauka kwa uzee, na tarakimu hizo zimo wazi mbele ya kila mtu. Wazisomao ni wachache. Kuinama ni kazi ndogo. Linalowazuia watu ni hofu ya kile watakachokisoma.

Na awaziwe mwalimu wa shule ya sekondari mjini Tanga, mwenye Starlet ya mwaka 1997, mke, watoto watatu, na mshahara unaokwisha kabla ya mwezi. Jirani yake amefiwa na mjomba huko Lushoto. Hana nauli ya watu wanne, na mabasi ya asubuhi hayatawahi maziko. Usiku anabisha hodi: "Mwalimu, tusaidie." Mwalimu ni mtu wa watu, hajasema hapana hata mara moja tangu alipohamia mtaa ule. Anajibu kwamba wataondoka alfajiri.

Lakini mwalimu anajua jambo. Mwezi wa tatu fundi alimwonyesha mafuta ya breki, meusi kama kahawa, na mipira miwili yenye nyufa, akamwambia vyote vibadilishwe. Mwalimu alisema mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ilikuwa karo, na mwezi uliofuata paa lilivuja, na sasa ni mwezi wa kumi. Breki zinashika. Kutoka nyumbani hadi shuleni, kutoka shuleni hadi sokoni, hazijamwangusha.

Namna breki zinavyofanya kazi inafaa ielezwe, kwa sababu hukumu yote inategemea hapo. Mguu ukanyagapo, mafuta ya breki husukumwa katika vijibomba hadi magurudumuni, na kwa kuwa mafuta hayabonyei, nguvu ya mguu hufika huko. Mafuta hayo yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa, na hewa ya Tanga haina upungufu wa unyevu. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hutakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakisha kunywa maji kiasi cha sehemu 3.7 katika mia, kiwango kinachodaiwa ni nyuzi 140 tu. Mjini tofauti hiyo haionekani. Barabara ya kushuka kutoka Lushoto kupita Soni hadi Mombo ni zaidi ya kilomita 30 za mapindo, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Mwenye kuteremka huku mguu wake umelala juu ya breki huzipasha moto hata mafuta yakachemka. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Mguu huenda mpaka sakafuni, na motokaa haina habari kwamba imeamriwa kusimama.

Usiku ule mwalimu hapati usingizi upesi. Anajiambia kwamba gari limekwisha kwenda Lushoto mara mbili likarudi. Anajiambia kwamba mafundi nao wana njaa, hutafuta kazi hata pasipo na ugonjwa. Anajiambia kwamba Mungu hawezi kumwadhibu mtu aendaye kuzika. Polepole moyo unatulia, na kabla ya usiku wa manane anasadiki, kwa kusadiki kwa kweli, kwamba breki zake ni nzima.

Mwaka 1877 William Kingdon Clifford, mwanahisabati wa Uingereza, alichapisha insha juu ya maadili ya kusadiki, akaianza kwa habari ya mwenye meli. Meli ilikuwa kuukuu, imetengenezwa mara nyingi, na mwenyewe alitiwa shaka kwamba haifai tena kuchukua wahamiaji. Shaka ilimsumbua, kwa kuwa kuichunguza meli kungemgharimu. Basi akaishinda: akakumbuka safari nyingi ilizorudi salama, akategemea ulinzi wa Mungu, akajikataza kuwadhania vibaya waundaji wake. Akaiona ikiondoka kwa moyo mweupe. Ikazama na watu wake. Naye akapokea fedha za bima. Clifford alimhukumu kuwa na hatia ya vifo vyao ingawa alisadiki kwa moyo wote, kwa maana hakuwa na haki ya kusadiki hivyo mbele ya ushahidi aliokuwa nao. Kisha akaongeza jambo linalowashtua wasomaji hata leo: lau meli ingefika salama, hatia yake isingepungua. Ingebaki tu haikugunduliwa.

Hukumu hiyo huonekana kali inaposhushwa kutoka kwa tajiri wa meli hadi kwa mwalimu wa Tanga, na ukali wake wastahili kupimwa. Mwenye meli alikuwa na fedha, akazipenda kuliko watu. Mwalimu hakuzipenda, hakuwa nazo. Karo aliilipa, paa aliliziba, na hapana mtu mwenye haki atakayesema angewaacha watoto walowe kwa mvua ili abadilishe mipira ya breki. Umaskini hupunguza lawama ya kutotengeneza. Mtu hawiwi na lile asiloliweza. Lakini umaskini haupunguzi lawama ya kujisadikisha. Lile alilolifanya kitandani halikuhitaji hata senti, wala ukosefu wa senti haukumlazimisha. Angeweza kubaki maskini mwenye breki mbovu ajuaye kwamba ana breki mbovu, na mtu huyo asingeahidi kwenda Lushoto.

Utetezi wa pili ni hodari zaidi. Mwenye meli alibaki pwani. Mwalimu atakaa ndani, mikono yake kwenye usukani. Ikiwa motokaa itaanguka bondeni, ataanguka nayo. Je, si dhahiri kwamba hakuwatakia wenzake lile asilojitakia mwenyewe? Wengi wenye motokaa mbovu hupata faraja hapo, na madereva wa mabasi vilevile. Faraja hiyo ni ya uongo. Mtu ana mamlaka juu ya shingo yake. Anaweza kuiweka mahali pa hatari kwa sababu zake. Hawezi kulipa kwa shingo yake deni la shingo ya jirani, kama vile mwenye kucheza kamari hahalalishi kuicheza amana ya mtu kwa kuwa ametia na fedha zake mwenyewe juu ya meza. Kukaa pamoja ndani ya hatari kungekuwa ushirika kama wote wangeijua. Mwalimu anaijua, wafiwa wanaona gari.

Itasemwa: basi awaambie, wachague wenyewe. Shauri hili ni bora kuliko kunyamaza, ila halitoshi. Kwanza lina gharama yake ambayo wenye kulitoa hawaihesabu. Kusimama alfajiri mbele ya watu walionyoa vichwa kwa msiba na kusema "breki za gari langu hazifai" ni kuvua nguo mbele ya watu. Mwalimu aliyehesabiwa kuwa mtu mwenye gari sasa ni mtu asiyeweza kulitunza. Yamkini aibu hii, zaidi ya fedha, ndiyo iliyomfanya asadiki usiku. Watu hukubali kuhatarisha roho upesi kuliko kukubali kudharauliwa, na mara nyingi hawajui kwamba wamechagua. Pili, akiisha kusema, wafiwa watajibu nini? Watajibu, "Twende tu, mwalimu, Mungu mkubwa." Ridhaa ya mtu aliyefiwa, asiye na nauli, mwenye haraka ya kuwahi kaburi, ni ridhaa nyembamba kama karatasi ya kufungia sukari, haifai kutandikwa juu yake uzito wa watu wanne. Tatu, chini ya mlima, pale Mombo barabara inapokutana na njia kuu, wako watu waendao kwa miguu. Hao hawakuulizwa na hapana wa kuwauliza.

Linalobaki ni moja kati ya mawili: mafuta na mipira vibadilishwe, au motokaa isiende. Chupa ya mafuta ya breki si ghali kitu, na kazi ni ya nusu siku. Mipira ni zaidi, lakini mtaa uliokuja kubisha hodi unaweza kuchanga ukiambiwa kweli mapema, mchana, kabla ya msiba. Baada ya matengenezo hayo, akiteremka kwa gia ya pili ili injini yenyewe izuie mwendo, kama wafanyavyo madereva wazoefu wa mlima ule, Starlet ya mwaka 1997 itamfikisha Mombo kwa amani kuliko motokaa mpya iliyo mikononi mwa mtu asiyejua kitu ila kukanyaga.

Kutokana na hayo dosari za motokaa kuukuu hugawanyika, wala haziwi zote za tabaka moja. Rangi iliyopauka, redio bubu, kiti kilichoraruka, kiyoyozi kilichokufa zamani, hizo ni dosari za mwenyewe. Azitengeneze akipenda, azivumilie akipenda, na anayemcheka amcheke. Breki, matairi, usukani, taa, mikanda ya viti: hizi ni dosari za watu, ingawa zimo ndani ya mali yake. Juu ya hizo hana uhuru wa kusema "gari ni langu." Na ziko zilizo katikati. Chombo cha kusafishia moshi chini ya motokaa kina madini ya thamani, platinamu na paladiamu na rodiamu, na baadhi ya wenye motokaa hukikata wakakiuza. Injini haipungukiwi na nguvu, mwenyewe haoni tofauti, na sumu yote huvutwa na wasiojulikana. Ni ajabu kwamba tendo hilo huhesabiwa kuwa ujanja wa mjini, ilhali aliyeuza bomba la maji la mtaa angeitwa mwizi.

Siku inafika mwalimu anataka kuuza. Mnunuzi ni muuguzi wa hospitali, mwanamke kijana, ambaye hajapata kumiliki motokaa. Anaizunguka Starlet, anapiga teke tairi kwa kuwa ameona wengine wakifanya hivyo, kisha anauliza swali aulizalo kila mnunuzi: "Mwalimu, gari lina tatizo gani?"

Sheria ya Uingereza ya Uuzaji wa Bidhaa ya mwaka 1893, ambayo sheria za Kenya na Tanzania zilifuata mfano wake, ilimtwika mfanyabiashara wajibu juu ya ubora wa bidhaa, lakini mtu binafsi auzaye kitu chake ilimwacha karibu huru, almuradi asiseme uongo, mnunuzi ajitazame. Fiqhi ya Kiislamu, ijulikanayo pwani yote, husimama mahali pengine: muuzaji anayeijua ila ya kitu hana budi kuitaja, na mnunuzi akiigundua ila iliyofichwa anayo hiari ya kukirudisha. Hadithi ya Mtume kutia mkono wake katika chungu ya nafaka sokoni, vidole vikakuta maji chini ya nafaka kavu, husimuliwa kwa watoto. Wajapokuwa watu wazima, wako wanaotia oili nzito katika injini ili isipige kelele siku ya mnunuzi.

Mwalimu, hata hivyo, ana manung'uniko ya haki. Mwaka 1970 George Akerlof, mchumi wa Marekani, alitoa makala juu ya soko la motokaa zilizotumika; majarida matatu yalikuwa yameyakataa kwanza, na mwaka 2001 yalikuwa miongoni mwa kazi zilizomletea Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili. Hoja yake inafahamika hata kwa mtu asiyejua hesabu. Mnunuzi hawezi kupambanua motokaa njema na mbaya, kwa hiyo hutoa bei ya katikati. Bei hiyo ni nyingi kwa mbaya na haba kwa njema. Wenye motokaa njema huona wanadhulumiwa, huziondoa sokoni. Zinazobaki ni mbaya zaidi. Bei hushuka tena. Mwalimu aliyekwisha badilisha breki, mkanda wa injini na matairi mawili, aliyelala na njaa ya matengenezo hayo, anatajiwa bei ile ile ya jirani aliyeziba kutu kwa puti na kupaka rangi juu yake. Anaadhibiwa kwa uongo wa wengine. Moyo unamwuliza: ikiwa nalipwa kama mwongo, nina faida gani kusema kweli?

Swali hilo halijibiwi kwa kumwahidi faida. Faida pengine haipo. Mwalimu anatoa daftari la mazoezi, la kurasa 40, ambamo ameandika kwa mkono wa kialimu kila tengenezo, tarehe, bei, na kilomita za mita. Muuguzi analisoma chini ya mwembe, ukurasa kwa ukurasa. Anafika palipoandikwa kwamba boriti ya nyuma ina kutu ambayo fundi alisema itahitaji kuchomelewa ndani ya mwaka mmoja; anainua macho, na bila ya ubaya wowote anapunguza bei kwa sababu ya kutu hiyo. Yule jirani mwenye puti hakupunguziwa. Ndivyo ilivyo, na mwalimu anapokea.

Limebaki jambo ambalo halimo daftarini. Katika gia ya tatu, asubuhi za baridi, kwa dakika mbili au tatu tu, motokaa hutoa mlio mdogo mfano wa mtu akwaruzaye meno. Mafundi wawili wameutafuta hawakuuona. Mwalimu hajui kama ni ugonjwa ama ni tabia; anaushuku tu, na shaka si ujuzi. Akisema "lina mlio," bei itashuka kwa kitu ambacho huenda si kitu. Asiposema, hatakuwa amesema uongo, kwa kuwa hana analolijua. Ila mwenye meli wa Clifford naye alikuwa na shaka tu, na kosa lake lilianzia katika namna alivyoitendea shaka hiyo. Kumtwisha mwalimu wajibu wa kutaja kila analoliogopa ni kupita kiasi, maana mwenye motokaa kuukuu huogopa mengi. Lakini muuguzi amekuja saa kumi jioni, injini ina moto, na gia ya tatu inapita kimya kama mafuta. Mwalimu anamrudishia daftari mkononi, anamwambia asilipe leo. Aje kesho saa kumi na mbili asubuhi, kabla gari halijawashwa, aliendeshe yeye mwenyewe hadi mwisho wa mtaa na kurudi, tena madirisha yawe wazi.